Sura ya Sita: Kilio cha Usiku na Chuchu Bandia

Chuchu bandia ni kipande cha mpira laini au cha silikoni kilichoumbwa kwa mfano wa chuchu ya titi, chenye kisahani cha plastiki kinachobaki nje ya midomo ili mtoto asikimeze, nacho hutiwa kinywani mwa mtoto mchanga ili anyonye pasipo kupata maziwa wala chakula kingine chochote. Madukani kifaa hiki huitwa pasifaya, na mara nyingi hupangwa rafu moja na chupa za kunyonyea, ingawa kazi zake si zile zile: chupa humlisha mtoto, chuchu bandia humtuliza tu. Unyonyaji wa aina hii, ambao wataalamu huuita unyonyaji usio na lishe, haukuletwa na viwanda, kwani mtoto huanza kunyonya kidole angali tumboni mwa mamaye. Swali linalochunguzwa hapa ni jembamba zaidi, nalo ni hili: hutokea nini kifaa hicho kinapotumiwa kumnyamazisha mtoto mchanga anayenyonyeshwa, aamkapo usiku wa manane, na hasa pale anapolala Hagadera, ambako maji, moto na mwanga havipatikani kwa kubonyeza swichi wala kufungua bomba la jikoni?

Hagadera ni mojawapo ya kambi za wakimbizi zinazouzunguka mji wa Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, na ilifunguliwa mwaka 1992, mwaka mmoja baada ya Ifo, wakati familia zilipokuwa zikivuka mpaka kukimbia vita na njaa nchini Somalia. Kambi tatu za mwanzo, yaani Ifo, Hagadera na Dagahaley, zilikusudiwa kuwahifadhi watu 90,000 kwa jumla, lakini mwaka 2011, baada ya ukame mkubwa, idadi ya wakazi wa kambi zote za Dadaab ilipita 460,000. Watoto waliozaliwa Hagadera katika miaka yake ya kwanza sasa ni wazazi, na watoto wao nao wanazaliwa papo hapo, wengi katika wodi ya uzazi ya hospitali ya kambi, ambayo kwa miaka mingi imesimamiwa na shirika la International Rescue Committee, na wengine nyumbani mikononi mwa wakunga. Kwa hiyo usiku unaozungumziwa katika sura hii si wa watu waliofika jana. Ni usiku wa nyumba zilizokwisha kuwa na desturi zake, zenye nyanya, shangazi na majirani wanaojua kulea, japo paa ni la mabati au turubai na sakafu ni mchanga uliofunikwa kwa mkeka.

Mtoto mchanga huamka usiku kwa sababu mwili wake haujajua tofauti ya usiku na mchana, na kwa sababu tumbo lake ni dogo mno. Siku ya kwanza hutosheka na vijiko vichache tu vya dang'a, maziwa ya mwanzo mazito na ya manjano yenye kinga nyingi dhidi ya maradhi, na hata maziwa yanapoongezeka baada ya siku chache, huyeyushwa haraka tumboni, hivi kwamba mtoto huhitaji kunyonya kati ya mara 8 na 12 katika saa 24, zikiwamo saa za usiku. Mwili wa mama nao umepangwa kuuitikia mpango huo. Prolaktini, ambayo ni homoni inayoyaamuru matiti kutengeneza maziwa, hupanda kila mtoto anyonyapo na hupanda zaidi usiku, ilhali oksitosini, homoni nyingine, huyasukuma maziwa yaliyokwisha kutengenezwa ili yatoke. Zaidi ya hayo, titi lenyewe hujipima: likiachwa limejaa hupunguza utengenezaji, na likinyonywa likapungua huongeza, kama kisima cha mchangani ambacho maji yake huchuruzika upya kadiri yanavyotekwa. Katika majuma ya mwanzo, basi, kila mara mtoto anaponyonya usiku huwa anashiba wakati huo na papo hapo anaagiza maziwa ya kesho.

Hapo ndipo hatari ya chuchu bandia inapoanzia, nayo si ya sumu wala ya mpira mbaya, bali ni ya wakati. Mtoto mwenye njaa haanzi kwa kulia. Kwanza hugeuza kichwa huku na huku akitafuta, hufungua mdomo, hutoa ulimi, hupeleka ngumi kinywani, na kilio huja mwisho, ishara zile za awali zikikosa kuonekana. Gizani, mama aliyechoka huzikosa ishara hizo za kimya, akashtushwa na kilio, na mkono wake ukifikia chuchu bandia kabla ya titi, mtoto atanyonya na kunyamaza kwa dakika kumi au ishirini, njaa ikiwa iko pale pale na titi likiwa limekosa agizo lake. Jambo hilo likitokea usiku mmoja halina uzito, lakini likirudiwa kila usiku katika siku kumi za mwanzo, wakati mtoto anapotakiwa kuurudia uzito aliozaliwa nao, maziwa huweza kupungua, mtoto akalia zaidi, na kilio hicho cha ziada kikachukuliwa kuwa ushahidi kwamba mama hana maziwa. Kutoka hapo hadi kopo la maziwa ya unga, au maziwa ya mbuzi, njia ni fupi.

Inasemwa pia kwamba mtoto aliyezoea mpira hulisahau titi, jambo ambalo wauguzi huliita kuchanganyikiwa kwa chuchu. Ukimtazama mtoto anayenyonya vizuri, utaona kinywa kimeachama sana, mdomo wa chini umebinuka nje, kidevu kimegusa titi, na sehemu kubwa ya duara jeusi linaloizunguka chuchu imo ndani, ulimi ukilikamua titi kwa chini. Chuchu bandia, kwa upande wake, hushikwa kwa mdomo uliobanwa, na mtoto akilijia titi kwa mdomo wa namna hiyo huibana chuchu peke yake, mama akaumia na maziwa yakatoka kidogo. Maelezo hayo yanaingia akilini, ila kukubaliana na maelezo si sawa na kuthibitisha, na ni haki ya msomaji kuonyeshwa utafiti unasema nini.

Tafiti za mwanzo zilizowafuata akina mama bila kuwapangia la kufanya ziliona kwamba waliotumia chuchu bandia waliacha kunyonyesha mapema zaidi. Lakini mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na Cesar Victora, waliowachunguza akina mama wa mji wa Pelotas nchini Brazili, walionyesha kwamba mara nyingi chuchu bandia huingia nyumbani pale ambapo unyonyeshaji umekwisha kuwa na matatizo au mama amekwisha kupoteza imani na maziwa yake, hivi kwamba kifaa huwa dalili ya tatizo kuliko kuwa chanzo chake. Mwaka 2001 Michael Kramer na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Montreal, Kanada, ambapo akina mama 281 waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakishauriwa waepuke chuchu bandia na kufundishwa njia nyingine za kumtuliza mtoto. Tofauti ya kuacha kunyonyesha mapema haikuonekana kati ya makundi hayo mawili, na, jambo ambalo halisemwi vya kutosha, watoto wa kundi lililoshauriwa kuiepuka hawakulia zaidi ya wenzao. Tathmini ya pamoja ya majaribio mawili, lile la Kanada na jingine la Argentina, yenye watoto 1,302 waliozaliwa kwa wakati na wenye afya, haikuona athari kubwa kwa unyonyeshaji hadi umri wa miezi minne. Utafiti mmoja wa Rochester, Marekani, uliotolewa mwaka 2003 na kuhusisha watoto 700, uliongeza tahadhari muhimu: watoto waliopewa chuchu bandia katika siku za mwanzo kabisa waliishia kunyonya kwa muda mfupi zaidi kwa jumla kuliko wale waliosubirishwa hadi baada ya majuma manne.

Majibu haya yamebadilisha hata lugha ya mashirika makubwa. Hatua Kumi za Kufanikisha Unyonyeshaji, zilizotangazwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF mwaka 1989, zilikuwa na hatua ya tisa iliyokataza kabisa watoto wanaonyonya kupewa chuchu bandia, ilhali toleo lililorekebishwa la mwaka 2018 linamtaka mhudumu amshauri mama kuhusu matumizi na hatari za chupa, nyonyo na chuchu bandia. Marufuku imegeuka ushauri. Mabadiliko hayo ni ya haki, kwa sababu mama anayeamriwa bila kuelezwa hukificha kifaa mhudumu wa afya anapopita, naye mhudumu hukosa nafasi ya kumwambia lile lililo la maana zaidi, ambalo ni lini na kwa usafi gani. Hata hivyo, majaribio ya Montreal na Argentina yalifanywa kwa akina mama waliokuwa na nia thabiti ya kunyonyesha na nyumba zenye maji safi, na matokeo yao hayawezi kubebwa mzima mzima na kutuliwa Hagadera.

Kuhusu lini, Hagadera inacho kipimo chake tayari. Mama wa Kisomali aliyejifungua hukaa ndani siku 40, akihudumiwa na wanawake wa ukoo na majirani wanaompikia, wanaomwogesha na kumbeba mtoto, na siku ya kutoka huitwa afartanbax, neno ambalo sehemu zake mbili zina maana ya arobaini na kutoka. Waswahili wa pwani wanaijua desturi hiyo hiyo kwa jina la arobaini ya mzazi, na hakuna haja ya kuitafsiri zaidi kwao. Majuma manne ambayo wataalamu wa Marekani wanayataja kuwa muda wa kuyazoesha matiti na mtoto kabla ya chuchu bandia kuingia yanamalizika ndani ya arobaini hiyo, yaani wakati ambapo mama hayuko peke yake usiku, ana nyanya, au ayeeyo kama Wasomali wamwitavyo, aliyelala mkeka wa pili. Mtoa ushauri anayesema "subiri mwezi mmoja" huenda asieleweke. Anayesema kwamba mpira usiguse kinywa cha mtoto kabla ya mama kutoka arobaini amesema jambo lile lile kwa kalenda inayohesabiwa na nyumba nzima. Ni ajabu, na ni hasara, kwamba kipimo hiki kilichoko mlangoni hutumiwa kwa nadra mno na wale wanaoandika mabango ya afya.

Suala la usafi ni zito zaidi. Chuchu bandia hudondoka. Hudondoka mtoto anapopitiwa na usingizi na taya zake kulegea, ikaviringika kutoka mkekani hadi mchangani, ikapakwa mavumbi na kila kilicholetwa na nyayo, kuku na mbuzi, na mama anayeipapasa gizani akiipata huipangusa kwa ncha ya leso au huiramba, kisha huirudisha. Usiku huo huo, nyumbani kwingine duniani, kifaa kama hicho kingesuuzwa kwa maji ya bomba au kubadilishwa na kingine kilichochemshwa mchana. Hagadera maji hupampuliwa kutoka visimani na kugawiwa kwenye mabomba ya jumuiya kwa saa maalumu, na yaliyomo ndani ya nyumba usiku ni yale tu yaliyobaki mtungini. Kambi za Dadaab zimekumbwa na kipindupindu mwaka 2015 na tena kuanzia mwaka 2022, na mwaka 2012 homa ya ini aina ya E, ambayo nayo husambaa kwa maji machafu na huwaua hasa wanawake wajawazito. Vimelea vya maradhi kama haya havihitaji mlango mkubwa. Titi humpa mtoto kinywaji ambacho hakikupita mtungini wala mkononi, na chuchu bandia, ingawa haina maziwa ndani yake, huufungua mlango ambao titi lilikuwa limeufunga.

Jibu la kawaida vitabuni ni kuichemsha. Lakini kuchemsha maana yake ni kuni, na kuni za Dadaab zina historia ambayo mtoa ushauri hana ruhusa ya kuisahau. Tangu miaka ya kwanza ya kambi, wanawake na wasichana waliotoka kwenda vichakani kuokota kuni walivamiwa na kubakwa, hata ikalazimu, mwaka 1998, uanzishwe mradi wa kugawa kuni ili kuwapunguzia safari hizo, na tangu hapo miti ya karibu imezidi kuisha na kuni kununuliwa kwa pesa ambazo familia nyingi hazina. Sentensi nyepesi kama "chemsha kwa dakika tano kila siku" humwongezea mama mzigo ambao aliyeiandika hakuupima. Ushauri wenye huruma husema badala yake kwamba, ikiwa chuchu bandia itatumika, ziwe mbili, zichemshwe pamoja ndani ya sufuria ya maji ya chai ya asubuhi kabla majani na sukari havijatiwa, zihifadhiwe kwenye kikombe safi chenye kifuniko, na iliyodondoka isirudi kinywani usiku huo. Mama asiyeweza hayo, na ni wengi, anastahili kuambiwa bila kuaibishwa kwamba mtoto wake hapungukiwi na chochote kwa kukikosa kifaa hicho.

Yapo mambo matatu ya kando ambayo hujitokeza pamoja na chuchu bandia, na ambayo ni ya hatari kuliko yenyewe. La kwanza ni kuichovya katika asali au maji ya sukari ili mtoto aipende. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ya kupumulia, na haifai kabisa kwa mtoto chini ya mwaka mmoja. La pili ni kuifunga kwa uzi shingoni, pengine pamoja na hirizi, kwani uzi huo huweza kumnyonga mtoto amelala. La tatu ni imani kwamba mtoto anayelia katika joto la Garissa ana kiu na anahitaji maji. Maziwa ya mama ni maji kwa zaidi ya asilimia 85, na mtoto anayenyonya kila anapotaka hupata maji yake yote humo, hata katika miezi ya joto kali kabla ya mvua. Kumpa maji ya sukari ni kumjazia tumbo dogo kwa kisichomjenga. Mama mwenyewe ndiye anayehitaji kunywa, na mtungi wa maji uliowekwa karibu na mkeka wake ni msaada wa unyonyeshaji kuliko bidhaa yoyote ya dukani. Hofu nyingine, ya mama anayekula mgao mdogo na kuamini kwamba maziwa yake yamekwisha, inahitaji kujibiwa kwa upole: mwili huendelea kutengeneza maziwa hata chakula kinapokuwa haba, ila mama ndiye anayedhoofika, na kwa hiyo dawa ni kumlisha mama.

Upande mwingine wa mizani upo, na haki inataka uelezwe. Tangu mwaka 2005 Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kimependekeza chuchu bandia wakati wa kulala, baada ya unyonyeshaji kukaa sawa, kwa sababu imeonekana kuambatana na kupungua kwa kifo cha ghafla cha mtoto mchanga, yaani kifo cha mtoto aliyekuwa mzima, usingizini, ambacho hata uchunguzi haukipatii sababu. Ni faida ya kweli, ingawa namna inavyotokea haijafafanuliwa kikamilifu. Lakini kinga nyingine dhidi ya kifo hicho hazidai maji ya kuchemsha: kumlaza mtoto chali, kumwepusha na moshi wa sigara, kutomfunika uso kwa shuka nzito, na kunyonyesha kwenyewe, ambako kukiendelea kwa miezi miwili au zaidi hupunguza hatari hiyo kwa takriban nusu. Mahali ambapo kuhara ni adui wa karibu zaidi, uamuzi wa nyumba ya Hagadera huweza kutofautiana na ule wa nyumba ya Chicago, na yote mawili yakawa sahihi. Chetezo cha ubani, kinachoitwa dabqaad kwa Kisomali na kinachopendwa katika siku za arobaini, nacho kingefaa kuwekwa mlangoni mbali na mkeka wa mtoto, kwa ajili ya mapafu yake.

Kuna watoto ambao kwao hesabu ni tofauti kabisa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye bado analishwa kwa mrija kwa kuwa hajaweza kunyonya, hufaidika na unyonyaji usio na lishe, kwani humsaidia kufika mapema kwenye kunyonya kikamilifu, na chuchu bandia inaruhusiwa kwake wodini chini ya uangalizi. Hata hapo titi lililokwisha kukamuliwa laweza kuifanya kazi hiyo, huku mtoto akiwa amefungwa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, kwa mtindo wa kangaruu ulioanzishwa Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na Edgar Rey na Héctor Martínez hospitali yao ilipopungukiwa na mashine za kuwatia joto watoto.

Kwa mtoto aliyezaliwa kwa wakati, anayeamka saa nane za usiku, mpangilio unaofaa ni huu. Kwanza titi, bila kuhesabu saa zilizopita tangu anyonye, na titi la pili likitakiwa. Akiwa amenyonya akaachia mwenyewe, bado akalia, huinuliwa begani acheue, nepi huangaliwa, nguo hupunguzwa ikiwa kuna joto. Baada ya hapo ni zamu ya mikono ya mwingine: nyanya humchukua, humfunga mbeleko, humtembeza uani akimwimbia kwa sauti ya chini, na harufu ya maziwa ikiwa mbali, mtoto aliyeshiba mara nyingi hulala. Nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, kuanzia mwisho wa juma la kwanza, huitosha familia kama uthibitisho kwamba maziwa yapo; mtoto asiyefikia kiasi hicho, au mwenye homa, au aliyelegea hata asiweze kunyonya, hupelekwa hospitali usiku huo huo. Na ikiwa arobaini imekwisha, na moja ya zile chuchu mbili zilizochemshwa asubuhi imo kikombeni, mtoto aliyeshiba anaweza kupewa ili apitiwe na usingizi. Ikidondoka naye amelala, hakuna haja ya kuirudisha, kwani hata madaktari wanaoipendekeza hawataki arudishiwe; huachwa hapo ilipoangukia, mkekani au mchangani, hadi kupambazuke, mabomba yafunguliwe na sufuria ya chai iinjikwe.